Kolonoskopi isipofika mwisho: kwa nini skana huhitajika ili kukamilisha jibu

Mgonjwa anayeondoka Rumonge kwenda Bujumbura kuchunguzwa utumbo mpana husafiri zaidi ya kilomita 70 kando ya Ziwa Tanganyika, baada ya siku nzima ya kuacha chakula kigumu na saa nyingi za kunywa dawa ya kusafisha tumbo. Anayetoka Nyanza-Lac husafiri mbali zaidi. Nauli, malipo ya kipimo na hasara ya siku alizouacha mtumbwi, shamba la michikichi au meza yake sokoni huwa zimekwisha kumlemea kabla hajapanda kitanda cha uchunguzi. Ndiyo maana maneno anayoambiwa baada ya hapo yana uzito mkubwa. Kuna kauli mbili ambazo wagonjwa wengi huzichukulia kuwa moja: "Hatukuona ugonjwa" na "Hatukufika mwisho."

Kauli hizo hazilingani. Kolonoskopi iliyofika mwisho wa utumbo mpana bila kuona ugonjwa ni jibu. Kolonoskopi iliyokwama njiani ni nusu ya jibu, hata kama sehemu iliyoonekana ilikuwa safi kabisa. Nusu iliyobaki yaweza kuwa haina kitu, na yaweza pia kuficha uvimbe ambao ungetibika kama ungegunduliwa mapema. Kipimo cha skana, ambacho madaktari hukiita CT, kikifanywa kwa utaratibu maalumu wa kuchunguza utumbo mpana, ni mojawapo ya njia bora za kuipata nusu hiyo.

Safari ya kamera na upande usioonekana

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita moja na nusu. Huanzia chini upande wa kulia wa tumbo, karibu na kidole tumbo, mahali panapoitwa sekamu. Kutoka hapo hupanda hadi chini ya ini, hukata tumbo kuelekea kushoto, hushuka, hujipinda, kisha huishia kwenye puru na njia ya haja kubwa.

Kamera ya kolonoskopi husafiri kinyume cha mkondo huo. Huingia kwa njia ya haja kubwa, hupanda upande wa kushoto, huvuka tumbo na kushuka upande wa kulia hadi sekamu. Kwa sababu hiyo, inapokwama, sehemu isiyoonekana huwa karibu kila mara ni ya kulia.

Jambo hilo lina maana kubwa kitabibu. Uvimbe ulio upande wa kushoto hukaa mahali ambapo utumbo ni mwembamba na choo kimekwisha kuwa kigumu, hivyo mara nyingi hujitangaza kwa damu inayoonekana, choo chembamba au kufunga choo. Uvimbe wa upande wa kulia hukaa mahali pana, penye choo cha majimaji. Waweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa miezi bila mgonjwa kuiona. Dalili ya kwanza yaweza kuwa uchovu, kizunguzungu na upungufu wa damu. Katika pwani ambako malaria, minyoo na kichocho hupunguza damu ya watu wengi, uchovu wa namna hiyo hauwatishi wengi, na si rahisi mtu kuushuku utumbo.

Kwa nini kamera hukwama

Vigezo vya kimataifa vya ubora vinataka daktari afike sekamu angalau mara 90 katika kila kolonoskopi 100. Hata mikononi mwa mabingwa, basi, zipo zinazokwama. Kukwama si lazima kuwe na maana ya uzembe, na sababu zake ni muhimu kwa sababu ndizo zinazoamua hatua inayofuata.

Sababu ya kwanza ni utumbo usiosafika. Choo kikibaki ndani, kamera haioni ukuta. Ya pili ni maumbile: kwa baadhi ya watu utumbo ni mrefu kupita kawaida au umejikunja mno. Ya tatu ni makovu ya ndani yaliyoachwa na upasuaji wa zamani, kama ule wa kujifungua, wa kizazi au wa tumbo, ambayo huushika utumbo na kuuzuia usinyooke. Ya nne ni maumivu, hasa pale ambapo dawa ya kutuliza au ya usingizi haikutosha. Ya tano, na nzito kuliko zote, ni utumbo uliozibwa au kubanwa na ugonjwa wenyewe, kama vile saratani, uvimbe unaotokana na maambukizi au kovu la kidonda cha zamani.

Kichocho cha ziwa

Pwani ya Burundi ya Ziwa Tanganyika ina sababu yake ya ziada. Kichocho cha tumbo, kinachosababishwa na mnyoo aitwaye Schistosoma mansoni, kimejulikana kwa muda mrefu katika maeneo ya Rumonge, Nyanza-Lac na bonde la Rusizi. Vijidudu vyake hukua ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayevua, anayefua, anayeoga au anayechota maji. Minyoo iliyokomaa huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Baadhi ya mayai hutoka na choo. Mengine hunasa kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini.

Mayai yaliyonasa husababisha uvimbe na makovu. Mgonjwa huweza kupata maumivu ya tumbo, kuhara na damu kwenye choo. Kwa wachache waliougua kwa miaka mingi, ukuta wa utumbo hutoa vinyama vinavyoitwa polipi, na mara chache utumbo hubanwa kiasi cha kuonekana kama una saratani.

Kwa mkazi wa ufukwe huo, basi, damu kwenye choo yaweza kutokana na bawasiri, kichocho, amiba, saratani au ugonjwa mwingine. Wengi hukisia bawasiri na kutumia dawa za sokoni kwa miezi. Kipimo cha choo chaweza kuonyesha mayai ya kichocho, na dawa ya prazikuanteli hutibu ugonjwa huo. Lakini kupatikana kwa mayai hakumaanishi kwamba hakuna ugonjwa mwingine. Mtu aliyetibiwa kichocho na bado anatoka damu anastahili uchunguzi wa utumbo mpana, na ufike mwisho.

Ugonjwa uliodhaniwa si wa Afrika

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Uganda hadi katikati ya miaka ya 1960, aliandika kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu sana Afrika ikilinganishwa na Ulaya na Marekani, akihusisha tofauti hiyo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Mchango wake ulikuwa mkubwa, lakini nyakati zimebadilika. Rejista za saratani za miji ya Afrika, zikiwemo za Kampala na Harare, zimeonyesha ongezeko la ugonjwa huo. Duniani kote, mwaka 2022 pekee, watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana na puru, na takriban 900,000 walifariki kutokana nayo. Kati ya saratani zote, ni ya pili kwa kuua.

Katika nchi nyingi za Afrika ugonjwa hugunduliwa ukiwa umekwisha kuenea, na kwa watu wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya. Hivyo fikra kwamba huu ni ugonjwa wa wazee au wa wageni imekuwa hatari kwa wanaoishikilia.

Skana inavyouona utumbo

Skana ni mashine inayozungusha miale ya eksirei kuuzunguka mwili, kisha kompyuta hukusanya vipimo hivyo na kuchora picha za vipande vyembamba. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa njia hiyo mjini London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Sehemu ya hesabu za msingi ilikuwa imeandaliwa na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Mwaka 1994 daktari David Vining wa Marekani alionyesha kwamba picha hizo zinaweza kuunganishwa hadi daktari akasafiri ndani ya utumbo kwenye skrini, kana kwamba ana kamera.

Uchunguzi wa namna hiyo una masharti. Utumbo lazima uwe umesafishwa. Mgonjwa huweza kupewa kinywaji chenye dawa inayong'aa kwenye picha, ili mabaki ya choo yatofautishwe na vinyama. Mrija mwembamba huingizwa kidogo tu kwenye njia ya haja kubwa, na gesi ya kaboni dayoksaidi au hewa hupulizwa polepole ili utumbo ufunguke. Picha hupigwa mara mbili, mgonjwa akiwa amelala chali na kisha kifudifudi au ubavu, huku akizuia pumzi kwa sekunde chache. Kwa kawaida dawa ya usingizi haihitajiki, na mgonjwa huweza kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Hapa kuna tofauti ambayo mgonjwa hana budi kuielewa. Skana ya kawaida ya tumbo, isiyojaza hewa ndani ya utumbo, si kipimo hiki. Inaweza kuonyesha uvimbe mkubwa, utumbo uliozibwa au ugonjwa uliosambaa kwenye ini, na kwa hilo ina thamani yake. Lakini haiwezi kuthibitisha kwamba utumbo hauna polipi, kwa sababu ukuta uliosinyaa huficha mengi.

Inasaidia kwa kiasi gani

Uchambuzi wa tafiti 49 uliochapishwa mwaka 2011, uliowahusu watu zaidi ya 11,000, ulionyesha kwamba skana ya utumbo mpana iligundua saratani 96 kati ya kila 100 zilizokuwepo. Kwa polipi kubwa, zenye milimita 10 au zaidi, utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 uliohusisha watu wapatao 2,500 ulionyesha uwezo wa kugundua takriban 90 kwa mia. Vinyama vya chini ya milimita 6 hupotea kwa urahisi zaidi, lakini vingi kati ya hivyo havina hatari ya karibu.

Kabla ya skana, njia iliyotumika sana ilikuwa kupiga eksirei baada ya kuingiza dawa nyeupe ya bariamu kwa njia ya haja kubwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 3,800 wenye dalili, ulilinganisha njia hizo mbili: skana iligundua saratani au polipi kubwa kwa wagonjwa 7.3 kwa mia, bariamu kwa 5.6 kwa mia. Mahali ambapo hakuna skana, bariamu bado ni bora kuliko kutochunguza, lakini haina nguvu sawa.

Kwa misingi hiyo, jumuiya za Ulaya za madaktari wa kamera za tumbo na wa picha za tumbo zilitoa mwongozo wa pamoja mwaka 2014, zikaurekebisha mwaka 2020. Mwongozo huo unapendekeza skana ya utumbo mpana kwa mtu ambaye kolonoskopi yake haikukamilika, na unashauri ifanywe siku hiyo hiyo au inayofuata pale inapowezekana.

Faida huonekana zaidi pale kamera inapozuiwa na uvimbe. Katika takriban wagonjwa 4 au 5 kati ya 100 wenye saratani ya utumbo mpana, huwepo saratani ya pili sehemu nyingine ya utumbo huo huo. Mpasuaji asiyejua yaliyo nyuma ya uvimbe wa kwanza aweza kuuondoa huo na kuuacha wa pili. Skana humwonyesha yaliyo mbele, na ikiwa dawa ya kung'arisha mishipa imedungwa, huonyesha pia kama ini au tezi zimeshambuliwa. Kwa mkazi wa ufukwe wa Tanganyika, picha hizo hizo huweza kufichua ini lenye makovu ya kichocho au bandama iliyovimba.

Siku moja yaweza kuokoa safari ya pili

Kwa mgonjwa anayetoka mbali, suala la wakati ni la afya na la mfuko pia. Siku ya kolonoskopi utumbo wake umekwisha kusafishwa. Skana ikifanywa siku hiyo au kesho yake, kuna uwezekano wa kuepuka duru ya pili ya dawa ya kusafisha tumbo, njaa na nauli. Akirudi Rumonge bila mpango, kazi yote huanza upya, na wengi hawarudi tena: msimu wa kuvua ndagala na mukeke huwaita, fedha huisha, au damu hukoma kwa muda nao hudhani wamepona.

Hata hivyo, haraka ina mipaka yake. Ikiwa wakati wa kolonoskopi daktari alikata polipi kubwa au kipande kirefu cha ukuta, hewa haipaswi kupulizwa mapema. Mara nyingi hungojewa wiki kadhaa. Kipande kidogo cha juu juu si kizuizi cha namna hiyo, lakini uamuzi ni wa daktari. Skana hii pia haifanywi kwa mtu mwenye maumivu makali ya ghafla, utumbo uliovimba vikali au uliotoboka. Mwanamke mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, lazima aseme kabla ya kipimo.

Mambo ambayo skana haiwezi

Skana huona umbo, haigusi. Haiwezi kukata kipande cha nyama kwa ajili ya maabara, wala kuondoa polipi. Kwa hiyo haiwezi kusema kwa yakini kama uvimbe fulani ni wa kichocho, wa kifua kikuu cha utumbo au wa saratani. Ikionyesha kinyama cha milimita 6 au zaidi, kwa kawaida mgonjwa hurudishwa kwa daktari wa kamera. Vinyama bapa, vilivyolala juu ya ukuta, huikwepa kwa urahisi.

Wala haisaidii sana ikiwa sababu ya kukwama ilikuwa uchafu. Utumbo uliojaa choo huidanganya skana kama unavyoidanganya kamera. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, hatua bora kwa kawaida ni kujiandaa upya na kurudia kolonoskopi. Na pale ambapo tatizo lilikuwa maumivu, yapo mazingira ambamo daktari mwingine, kamera nyembamba zaidi au dawa ya usingizi iliyotosha huweza kumfikisha mwisho bila skana.

Kipimo kina miale. Kiasi chake katika uchunguzi wa namna hii ni kidogo, takriban kile ambacho mwili hupokea kutoka katika mazingira kwa mwaka mmoja au miwili. Kutoboka kwa utumbo hutokea kwa nadra sana, chini ya mara moja katika vipimo 1,000. Dawa ya kung'arisha inayodungwa kwenye mshipa huhitaji tahadhari kwa mwenye figo dhaifu au aliyewahi kudhurika na dawa yenye aidini.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuondoka hospitali

Nchini Burundi ripoti nyingi za hospitali huandikwa kwa Kifaransa, na mgonjwa anayezungumza Kiswahili aweza kuondoka na karatasi asiyoielewa. Neno la kutafuta ni "cæcum", yaani sekamu. Ikiwa ripoti haisemi kwamba kamera ilifika hapo, ni haki ya mgonjwa kuuliza kwa upole maswali machache: Kamera ilifika wapi? Ilizuiwa na nini? Je, utumbo ulikuwa safi? Je, kuna kipande kilichokatwa, na majibu ya maabara yatatoka lini? Je, sehemu iliyobaki itachunguzwa kwa njia gani, na lini?

Skana si kifaa cha kila hospitali, na kwa watu wa ufukweni safari ya kwenda Bujumbura mara nyingi haiepukiki. Ni busara, basi, kuuliza kabla ya kusafiri kama mahali pa kolonoskopi pana skana au pana makubaliano na kituo cha jirani, kama kituo hicho hufanya skana ya utumbo uliojazwa hewa, na ni sehemu gani ya gharama inayolipwa na bima ya mgonjwa. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aeleze mapema. Anayefunga Ramadhani naye aeleze, kwa kuwa maandalizi humtaka anywe maji mengi. Mara nyingi tarehe huweza kusogezwa ikiwa hali si ya dharura.

Zipo dalili zisizongoja tarehe: damu nyingi kwenye choo, tumbo lililojaa na kukaza, kutapika pamoja na kushindwa kabisa kutoa choo wala upepo, homa kali yenye maumivu ya tumbo baada ya kipimo. Mwenye dalili hizo aende hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo, wala asinywe dawa ya kuharisha nyumbani.

Kwa wengine, ulio muhimu ni uangalifu wa kawaida. Ripoti, picha na majibu ya maabara vihifadhiwe pamoja, vipelekwe kila safari, na jamaa mmoja ajue tarehe ya kurudi. Uchunguzi ulioishia njiani haujamwambia mgonjwa kwamba ni mzima wala kwamba ni mgonjwa. Umemwambia tu kwamba kuna sehemu ya utumbo wake ambayo bado haijaonekana, na kwamba sehemu hiyo inapaswa kuchunguzwa.